Mwanafunzi wa Kwanza wa Kanzidata

Mwanafunzi wa kwanza wa kanzidata aliingia maktaba ya mtaa wa Rietdal akimburuta mzee kwa ukosi wa shati. Mkono wake wa pili ulishika bastola.

Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona, na wa kwanza kukimbia. Wastaafu waliokuwa wakisoma gazeti waliingia chini ya meza bila kuambiwa. Bernadine Fortuin, mkutubi, alibaki kwenye kaunta.

"Anti Bernadine," kijana alisema, "nimekuja kwa hii karatasi yako."

Akaibwaga mbele yake. Ilikuwa imeingia damu ya mzee, lakini maneno ya kuitangaza kanzidata yalisomeka: magazeti ya zamani, kesi, utafiti wa kila namna, vyote mtandaoni, bure kwa mwenye kadi. Bernadine alikuwa amezigawa karatasi hizo zahanati, kanisani na kwenye foleni ya pensheni mwaka mzima. Alifika hadi kuoka biskuti. Watu walikula biskuti wakaenda zao. Manispaa imefungua hazina nzima ya maarifa, na mtaa unakuja maktaba kuchaji simu. Jambo hilo lilimuuma sana.

Kijana aliitwa Quinton Arendse, na hakuna mtu Rietdal asiyelijua kundi lake la majambazi. Mzee alikuwa Lionel Kammies, aliyerudi mtaani juzijuzi baada ya kifungo kirefu. Mwenyewe husema alifungwa kwa wizi wa magari.

"Huyu alimchinja baba yangu," Quinton alisema. "Mimi nilikuwa bado nanyonya. Baba mdogo Clive kanifunulia jana."

"Sasa hapa umemleta afanye nini?"

"Kwetu mtu hauawi mpaka asomewe kosa lake. Ndiyo sheria yetu. Litafute lilipoandikwa, asomewe, nimalize kazi."

Akamtandika mzee kitako cha bastola tayani. Jino likaruka hadi kwenye zulia la watoto. Lionel hakulia, hakuapa, hakukana. Aliinama akitemea damu kiganjani, kana kwamba anaona haya kuchafua mahali pa watu.

Bernadine akaketi kwenye kompyuta.

"Una kadi ya maktaba?"

"Anti, una wazimu?"

"Bila kadi haifunguki. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

Quinton akafyatua risasi darini. Plasta ikawamwagikia vichwani. Bernadine akatumia kadi yake.

"Baba yako jina lake nani?"

"Basil Arendse."

"Ukiandika jina peke yake utaletewa takataka tupu," Bernadine alisema, na sauti yake ikaanza kutulia, kwa kuwa hii ilikuwa kazi yake na aliipenda. "Unaweka jina, unaweka na mtaa. Halafu unapanga kuanzia habari ya zamani zaidi. Unaona?"

"Mimi si mwanafunzi wako. Tafuta."

Akampiga mzee teke la ubavu ili kuhimiza kazi. Kitu kilivunjika, wote wakasikia. Mmoja wa wastaafu chini ya meza alianza kulia.

Majibu yakatokea. Bernadine akayapitia, kisha akamtazama mzee. Lionel alikuwa amefumba macho, midomo ikichezacheza kwa sala. Bernadine hakutaka mtu afe mbele yake, basi. Akafungua jibu la juu, akalikuza hadi likajaa kioo chote.

"Soma mwenyewe," alisema. "Usije ukadai nimekudanganya."

Quinton akainama. Picha ilimwonyesha Clive Arendse, enzi hizo mwembamba, akiingizwa kwenye gari la polisi kwa pingu. Gazeti lilisema amekamatwa kwa kumchinja kaka yake Basil baada ya ugomvi wa nyumba ya urithi.

Kijana alisoma, akarudia. Bastola ilishuka taratibu hadi pajani.

"Huyu ndiye aliyenilea," alisema. "Siku yangu ya kwanza shuleni, ndiye aliyenifunga kamba za viatu."

Akaigusa ile picha kwa kidole.

"Ndiyo maana ananisukuma nimmalize huyu mzee leo leo. Anataka kumziba mdomo." Akacheka kicheko kikavu. "Kanifanya zuzu kutwa kucha, na nyumba ya baba yangu anaikalia yeye."

"Quinton, mwanangu, nenda kwanza nyumbani ukatulie," Bernadine alisema.

"Nichapie hiyo karatasi. Naye lazima asomewe."

Mashine ikatema ukurasa mmoja. Quinton akaukunja vizuri, akautia mfukoni, akamruka mzee pale sakafuni kama anaruka gunia, akatoka.

Nyumba ya Clive iko ng'ambo ya barabara. Kwa muda walisikia sauti ya kijana akisoma kwa nguvu, neno kwa neno. Clive akapiga kelele kwamba aachwe aeleze. Zikafuata risasi, nyingi kuliko zinazohitajika kuua mtu mmoja, na mwanamke akaanza kulia kwa sauti isiyokatika.

Bernadine alipiga magoti kwenye zulia akiwa na kitambaa cha jikoni, akampangusa Lionel kidevu. Akawa anaipaka damu badala ya kuifuta.

Mzee alivuta pumzi kwa taabu, akageuza macho kuelekea kompyuta.

"Na ile habari nyingine," alinong'ona, "ya siku niliyohukumiwa kwa kumuua Basil, humo haimo?"

"Imo," Bernadine alisema. "Hakuiulizia."