Kiduara cha Penseli

Nilifumba jicho moja, nikaitazama karatasi ya grafu kwa ubavu, kama seremala anavyokagua ubao. Ndivyo Mwalimu wetu wa elimu ya nyota alivyotufundisha, nasi tukamcheka mpaka mbavu zikauma.

Kwenye mstari wa mawimbi yaliyonaswa na darubini mpya, kinundu kilikuwepo. Kidogo, lakini mahali pake hasa: alama ya haidrojeni nzito, ndani ya mawingu yanayozaa nyota kwenye galaksi jirani.

Nikatoa kabatini grafu ya zamani, ya darubini ile kuukuu, enzi zile nikiwa mwanafunzi wake. Mwalimu alikizungushia kinundu hikihiki kiduara cha penseli. Wakubwa wakasema ni kelele za mitambo tu. Nami, nisije nikachekwa pamoja naye, nilikisugua kiduara kwa raba kabla ripoti yetu haijatumwa. Hakuniuliza kitu.

Nikazibandika karatasi zote mbili kwenye kioo cha dirisha, mpya juu ya ile ya zamani. Jua likapenya pale raba ilipokwangua, palipobaki pembamba kama ganda la kitunguu. Doa la mwanga likakaa juu ya kinundu kipya.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Kile kinundu chako nimekiona."

"Marahaba, binti yangu." Akacheka kidogo, akakohoa. "Basi safari hii usikifute."