Dawa ya Swila

Bonde moja lililindwa na jeshi la nguchiro. Kanga wote waliwalisha askari hao mayai, kwa hofu ya nyoka Swila. Askari nao walijipaka dawa ya ajabu iliyofanya meno ya nyoka yateleze mwilini. Jemadari na Kicheche, mtunza bohari, ndio pekee waliojua inakotoka: ilinunuliwa kwa Swila mwenyewe, kwa mayai yale yale.

Siku moja Swila alimwambia Kicheche, "Mayai yamenichosha. Niletee kifaranga, la sivyo hampati dawa."

Kicheche akarudi, akamweleza Jemadari.

"Mpelekee," Jemadari akasema.

"Afande, si bora tumuue?"

"Swila akifa, nani atatulisha?"

Kicheche alikuwa mwoga tangu kuzaliwa. Akambeba kifaranga wa kanga, naye njiani akamsinzilia kifuani kama aliyebebwa na mamaye. Moyo wa Kicheche ukageuka. Akamlaza mahali salama, akajipaka dawa yote iliyobaki, akaingia pangoni. Swila akamuuma, meno yakateleza. Akamuuma tena. Kicheche akamkaba koo, wakagaagaa gizani mpaka mkia wa nyoka ukatulia.

Kanga waliposikia kuwa Swila amekufa, hawakuleta yai tena.

"Umetuua kwa njaa," Jemadari akamwambia Kicheche, akamfukuza jeshini.

Akiondoka, Kicheche alipita karibu na pango, akamwona Jemadari akifukua mchanga. Jemadari alipata mayai mawili aliyotaga Swila. Hakuyala. Aliyafunika vizuri, akakaa kuyalinda.

Kicheche akajibanza nyuma ya jiwe, akangoja Jemadari asinzie.