Nungunungu Mpinga Soko

Zamani mtaa wa wanyama ulikuwa kimya, na Nungunungu akijivunia ukimya huo kana kwamba kaupanda mwenyewe. Fisi alipoomba kiwanja cha jirani kigeuzwe soko, Nungunungu alisimama mlangoni pake kila asubuhi akipaza sauti: "Hatutaki kelele!"

Wanyama wakafurika kumsikiliza. Penye umati njaa haikosi: Tumbili akaleta karanga, Ngiri akainjika chai, Kicheche akatandaza mitumba.

Mwishowe akaja Tembo, mwenyekiti wa mtaa. "Umeshinda, Mzee Nungunungu. Fisi tumemkatalia."

"Haki imetendeka!"

"Masoko mawili ya nini? Hili la mlangoni kwako linatosha."

Nungunungu akafungua kinywa apinge. Ngiri akamsukuma kando. "Sogea, mzee, unawazibia wateja."