Samaki wa Mama Mkwe

Katika soko la samaki la mtoni, mkaguzi alikuwa Fisimaji. Alifunua matamvua ya kila samaki, na yakiwa mekundu alimtia jani mdomoni, ili wateja wajue kuwa analika.

Siku moja ndege Mwari, mwenye soko, alileta samaki waliolala.

"Dada, hawa watie majani tu. Wamechoka kidogo."

"Wameoza, bosi. Siwatii."

"Kwani kazi huitaki?"

"Naitaka sana. Lakini siwatii."

Mwari akamfukuza, akamweka mahali pake Mdiria, ndege asiyependa ugomvi. Mdiria akamtia jani kila samaki bila hata kumtazama.

Jioni mama mkwe wa Mwari akaja kumtembelea. Mwari alichagua samaki mnono mwenye jani, akasita, kisha akambeba hadi nyumbani kwa Fisimaji.

"Nikagulie huyu, dada. Nina mkwe."

Fisimaji akamfunua. "Kaoza."

Mwari akamtupa samaki palepale, jani likiwa bado mdomoni, mbele ya wateja waliokuwa wakipita.

Kesho yake hakuna aliyenunua samaki. Mwari akaenda kumwomba Fisimaji arudi kazini.

"Nitarudi," akasema Fisimaji, "ukishawatupa na wale wengine."