Nusu Mbili za Malkia

"Hii imekatwa," alisema Aubrey Tozer, akiishika bahasha kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. "Tazama mwenyewe, Bibi Luscombe. Stempu mbili nzima, na ya tatu ni nusu. Nani anataka nusu?"

Bibi Luscombe alivaa miwani, akainamia meza ya jikoni. "Ni kweli. Na hii nyingine vilevile, masikini."

Tozer alijikaza asipaze sauti. Mwaka 1891 stempu za nusu peni ziliadimika huko Visiwa vya Falkland, posta ikaruhusu ile ya peni moja ikatwe kimshazari, kona hadi kona, kila nusu itumike peke yake. Nusu iliyobaki juu ya bahasha yake, muhuri umepita juu ya mkato, wakusanyaji wa stempu waliitafuta kama dhahabu. Ikibanduliwa, ilikuwa sawa na ukucha uliokatwa.

Na hapa zilikuwepo mbili, muhuri wa siku moja, mkato wa hii ukioana na mkato wa ile. Babu yake Bibi Luscombe, mchunga kondoo huko visiwani, alikuwa amegawa stempu moja kwa barua za dada zake wawili waliobaki Devon, Uingereza. Tozer hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Kwa miaka ishirini na miwili aliacha ukurasa mtupu kwenye albamu yake, akisubiri nusu moja tu. Jumamosi chama cha wakusanyaji kilikuwa na maonyesho, na safari hii yule mpinzani wake mwenye majivuno, Pethick, angetafuta pa kuficha uso.

Kumbe vitu hivi vilikaa kwenye kopo la biskuti, kwa mwanamke asiyejua tofauti ya stempu na lebo ya jemu! Tozer alimdharau kwa moyo mkunjufu. Alidharau mapazia yake, paka wake mnene na chai yake iliyopooza.

"Babu alikuwa mtu nadhifu," alisema Bibi Luscombe kwa huzuni.

"Kwa mkasi hakuwa. Na bahasha zenyewe ni karatasi chafu tu, mama. Wanaojua mambo wanataka stempu, tena iliyo nzima."

"Nzima."

"Nzima! Lakini kwa kuwa nakuonea huruma, kesho nitapita nizichukue hivyo hivyo."

Angeweza kuzichukua palepale. Ila Tozer alikuwa na mtindo wake, na alijisifu nao: muuzaji akikuona una haraka, huanza kuulizauliza kwa watu. Mwache siku moja na aibu yake, atakushukuru kwa chochote utakachompa.

Kesho yake saa nne asubuhi alibisha hodi, amevaa koti lake la kanisani, kwapani ana jalada gumu la kuhifadhia bahasha. Bibi Luscombe alimfungulia akitabasamu, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Ingia, Bwana Tozer, ingia! Jana nilikosa raha kabisa. Mtu ananihurumia, halafu mimi nimuuzie takataka? Sikulelewa hivyo."

Juu ya meza palikuwa na bakuli la maji vuguvugu, kibano cha nyusi, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Bahasha ziko wapi?" aliuliza Tozer.

"Zile karatasi chafu? Nimewashia moto sebuleni. Zinashika vizuri ajabu." Akafunua sahani. "Haya, hesabu mwenyewe. Tano, na zote nzima!"

Stempu nne zilikuwa zimekauka, zimenyooka. Kwenye ya tano, uso wa Malkia Victoria ulikuwa umeunganishwa kwa selotepu.

"Zimeingiana kama zilizaliwa pamoja," alisema Bibi Luscombe. "Babu angefurahi."