Mkono wa Meza Namba Saba

"Kata namba saba," Bi Mwanatabu alisema kwa mara ya tatu.

"Sikati," Bwana Gershom akajibu. "Labda unikate mimi kwanza."

Mwalimu Katana, jaji wa tatu, alikuwa akila mkate wake na kuwatazama. Majaji hao walikuwa wamejifungia katika stoo ya shule moja ya Changamwe tangu saa sita. Nje, ukumbini, wanafunzi wa sekondari kutoka pwani nzima walisimama kando ya roboti zao wakingoja matokeo. Ulikuwa mwaka 1993, na zawadi ya mwaka ule haikuwa kikombe. Mshindi na wa pili wake wangeondoka Jumatatu kwenda chuo cha ufundi Nairobi, miaka minne, bweni na chakula bure.

Roboti nyingi walizokagua asubuhi zilikuwa maboksi yenye macho ya balbu. Moja ilipiga saluti. Ya meza namba tatu ilitembea hatua sita, ikaanguka, ikapigiwa makofi.

Ya meza namba saba haikuwa hata na kichwa. Ilikuwa mkono tu, wa vyuma vya mwavuli na mnyororo wa baiskeli, ukiendeshwa na mota ya waipa ya gari bovu. Nchani kijiko kilining'inia kwa pini, na chini yake kipande cha risasi cha mshipi wa kuvulia. Mkono ungepinda vyovyote, kijiko kilibaki sawasawa. Ulichota uji, ukapanda, ukasimama mbele ya kinywa. Hapo ukangoja. Haukuondoka mpaka anayelishwa aguse swichi kwa shavu.

Bwana Gershom, mhandisi mzima, aliketi akalishwa vijiko vitatu. Tai yake haikupata tone.

"Mbona unangoja?" alimwuliza msichana wa meza hiyo.

"Wengine humeza polepole. Ukiwaharakisha wanapaliwa."

"Na swichi, mbona haikuwekwa mahali pa kubonyeza kwa kidole?"

"Mwenye vidole atakula mwenyewe."

Bwana Gershom alicheka kwa furaha. "Nani alikusaidia?"

"Nimetengeneza peke yangu."

Ndipo Bi Mwanatabu alipoinama na kuuliza taratibu, "Peke yako?" Msichana akatazama sakafu, asiseme tena neno.

"Ulimwona alivyonyamaza," Bi Mwanatabu alisema sasa, mle stoo.

"Ulimtisha."

"Mtoto aliyefanya kazi yake hatishiki."

"Sema kweli, Bi Mwanatabu. Unaye unayempigania. Namba tatu, sivyo? Nimeona ulivyompigia makofi."

"Wallahi, katika ukumbi huu hapana mtoto ninayemtakia ushindi."

"Namba tatu mwacheni," Katana akasema, mkate mdomoni. "Roboti yake imelewa."

Bi Mwanatabu alikuwa amefungua kijitabu cha kanuni. Kanuni ya tisa ilikuwa fupi: jaji yeyote akiandika jina la mtu mzima aliyetengeneza kifaa cha mwanafunzi, na akatia sahihi, kifaa hicho kinatolewa. Rufaa hapana.

"Huwezi," Bwana Gershom alisema. "Majina yao yamo ndani ya bahasha. Sisi tunajua namba tu. Huyo fundi utamjuaje?"

"Watu wa Likoni twajuana. Yule ni binti wa Rashid Boga, fundi wa winchi bandarini, miaka kumi na minane kazini. Ile pini ya kijiko ni kazi yake. Ningeitambua hata nimefumba macho."

Katana aliacha kutafuna. Fundi wa winchi: mnyororo, uzito, pini, vyote vilipata mwenyewe.

"Basi hata kama baba alimshika mkono kidogo," Bwana Gershom alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Msichana ana akili, umemsikia. Hatapata nafasi nyingine kama hii. Mpe namba mbili."

"Wa pili naye anakwenda Nairobi?"

"Anakwenda."

"Basi hapana."

Akaandika jina la fundi kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akapuliza wino ukauke. Hakumpa mtu karatasi ile aisome. Alifungua mlango, akaingia ukumbini, akaibandika juu ya namba saba mbele ya watu wote.

Wanafunzi wa meza ya jirani waliisoma kwanza. Mmoja akapiga kelele, "Katengenezewa!" Ukumbi ukapokea, miguu ikapigwa chini, mpaka walimu walipoingilia. Msichana hakulia wala hakujitetea. Alizima mota, akafuta uji uliomwagika mezani kwa kitambaa, akasimama mikono nyuma.

Bwana Gershom alikuja mbio kutoka stoo, akamkuta Bi Mwanatabu amekwisha kumshika msichana kiwiko na kumwongoza mlangoni.

Nje jua lilikuwa kali. Wawili hao walitembea hadi getini.

"Mwanasaumu."

"Abee, mama."

"Kaza mwendo tuwahi feri. Baba yako hajalishwa kitu tangu tulipotoka asubuhi, na unajua mimi hanifungulii kinywa."

Msichana aligeuka akatazama ukumbini. "Na mkono, turudi tuubebe?"

"Wa kazi gani, na wewe upo?"