Netela ya Mama

Mkaguzi wa makumbusho ya Aksum aliiweka picha ya zamani kando ya sarafu. Kwenye picha, duara la kumzunguka mfalme lilikuwa limepauka kama bati. Kwenye sarafu, lilikuwa dhahabu tupu.

“Dada, hii siyo ile. Kaka yako mlinzi kaibadilisha. Polisi wako njiani.”

Picha ile aliipiga Letay mwenyewe. Aliinama, akauona pembeni upindo wa netela ya mama yake. Shali ile ndiyo aliyoionyesha kamera ipimie rangi nyeupe kabla ya kupiga, nayo ilikuwa imekolea umanjano wa moshi wa ubani na kahawa. Kamera iliudhani umanjano ule ndio weupe, ikaipausha dhahabu.

“Niache niipige picha tena kwa shali ileile. Ikitoka imepauka hivi, utamwachia kaka yangu?”

“Itoke kwanza.”

Alikimbia hadi nyumbani.

“Mama, netela yako ya jikoni!”

“Taratibu, mwanangu, utaanguka!” Mama aliianua kambani, ingali inachuruzika maji, nyeupe kuliko chumvi. “Nimeifua kwa ajili ya sikukuu ya Timkat. Hebu tazama, huoni hata alama ya moshi.”